Sita mara kumi na nane

*Muulize Fundi: safu ya wasomaji wenye maswali ya mitambo ya ofisini*

Assalaam aleikum Bi Fundi. Mimi ni meneja wa ofisi ya wakala wa kutoa mizigo hapa Shimanzi. Tangu marehemu babangu aanzishe kazi tumekuwa tukifuatilia makontena kwa daftari, baadaye Excel. Sasa tunataka mfumo mmoja utakaotumiwa na makarani 180 kwa pamoja, wa hapa, wa Embakasi na wa Malaba. Muuzaji amekuja na wake. Ameweka seva kwenye chumba chetu, akawakalisha makarani 10 kwenye chumba cha mkutano kwa nusu saa wakifanya kazi kama kawaida. Kila mmoja alikuwa akibofya, anasoma, anaandika, kama sekunde 20 hivi kabla ya kubofya tena. Jibu lilirudi kwa sekunde 0.4. Karatasi ya vipimo vyake nimekuambatishia: prosesa ilishughulika asilimia 3, diski ya hifadhidata asilimia 6. Akacheka akasema, "Mkubwa, seva imelala fofofo. Hata watu 500 itawabeba." Malipo ya awali anayataka kabla ya mwisho wa mwezi. Nimwamini? Kuna njia ya kujua kabla hatujaungua?
*Meneja, Shimanzi*

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nashukuru umenitumia karatasi nzima, maana wengi huniandikia "mfumo uko sawa?" nami si mpiga ramli. Huyo muuzaji amekuletea jibu kwa mkono wake mwenyewe, ila hakulisoma.

Chukua kalamu. Karani mmoja anapeleka ombi moja kila sekunde 20.4, yaani 20 za kufikiri na 0.4 za kungoja. Makarani 10 gawanya kwa 20.4 unapata 0.49, nusu ombi kwa sekunde. Hiyo nusu ombi ndiyo iliyoishughulisha diski yako asilimia 6. Makarani 180 ni mara 18 ya wale waliokaa chumba cha mkutano. Sita mara kumi na nane ni mia na nane. Na hakuna diski duniani yenye asilimia 108 ya kukupa.

Prosesa je? Tatu mara kumi na nane, hamsini na nne. Inapumua vizuri. Basi akija kukuuzia prosesa kubwa zaidi, na wallahi atakuja, mwambie shida haiko huko.

Pale Kibokoni kuna bi mmoja anayekaanga mahamri tangu kabla ya alfajiri, mimi ni mteja wake. Karai lake linaingia mahamri manane, na mkupuo mmoja unachukua dakika nne. Kwa hivyo ni mawili kwa dakika, 120 kwa saa, hata wakija wateja 300. Mwaka juzi alimwongeza binti wa pili wa kusukuma unga. Ubao ukajaa vidonge vya unga vinavyongoja karai, foleni ikabaki palepale hadi kwenye mlango wa duka la jirani. Kwako wewe karai ni ile diski. Chochote utakachoongeza kisichokuwa karai ni binti wa kusukuma unga.

Hesabu hii si yangu. Mdenmark mmoja, A. K. Erlang, alikuwa akihesabu foleni za simu Copenhagen na kuchapisha makala yake mwaka 1909. Mwaka 1961 John Little wa Marekani akathibitisha kanuni fupi ambayo mimi huiandika kwenye kifuniko cha kila daftari langu: idadi ya waliomo ndani ni kasi ya wanaoingia mara muda anaokaa kila mmoja. Makarani wako 180 wamo ndani ya mzunguko, kila mzunguko sekunde 20.4, kwa hivyo wanaleta maombi 8.8 kwa sekunde. Upande wa pili, diski inakula sekunde 0.122 kwa kila ombi (hiyo ni 0.06 gawanya kwa 0.49), kwa hivyo uwezo wake wote ni maombi 8.2 kwa sekunde. Wanakuja 8.8, wanahudumiwa 8.2.

Sasa usikimbilie kumfukuza. Tazama inauma kiasi gani. Diski ikijaa kabisa, kuwazungukia makarani wote 180 mara moja kunachukua 180 mara 0.122, karibu sekunde 22. Toa zile 20 ambazo karani yuko anasoma skrini yake. Anabaki kungoja angalau sekunde 2. Kutoka 0.4 hadi 2 ni kero, si msiba, na muuzaji akikwambia hivyo ana haki.

Lakini wewe ni mtu wa mizigo, unajua siku meli mbili zinapofuatana. Siku hiyo karani hasomi kwa utulivu sekunde 20, anabofya kila sekunde 10 na simu iko begani. Ishirini na mbili toa kumi: anangoja sekunde 12. Kila bofyo. Hesabu kimoyomoyo sekunde 12 huku mteja anakuuliza "haya, kontena langu liko wapi?" na utanielewa. Kwa siku ya kawaida mfumo huu unafika ukingoni kwa makarani kama 167. Kwa siku ya meli, 85. Hao 500 wa muuzaji sijui aliwatoa wapi.

Na maumivu hayangoji mpaka diski ijae. Foleni ya dirisha moja, wateja wakija bila mpangilio, ina tabia yake: dirisha likishughulika asilimia 50, muda wa kuhudumiwa pamoja na kungoja unakuwa mara mbili ya huduma yenyewe. Asilimia 80, mara tano. Asilimia 90, mara kumi. Ndiyo maana mfumo unaweza kuwa mtamu miezi sita, ukaongeza makarani kumi tu, ukageuka shubiri, na kila mtu anaapa hakuna kilichobadilika.

Haya, hapo nimetumia karatasi moja na kalamu. Sasa nikukosoe wewe na mimi pamoja. Ile 6 ya muuzaji ni namba iliyokatwa. Inaweza kuwa 5.5, inaweza kuwa 6.4. Mara 18 tunapata kati ya 99 na 115. Yaani kwa kipimo kile cha watu 10 siwezi kukuapia kwamba itazidiwa. Ninachoweza kukuapia ni kwamba iko ukingoni, na kwamba aliyesema 500 hakupiga hesabu. Kipimo kidogo kikikuzwa mara 18, kosa lake nalo linakua mara 18. Kwa hivyo inabidi kupima juu zaidi.

Namna ya kupima ndiyo ninayotaka uishike, na ndiyo watu wengi hukosea. Usimwambie muuzaji "jaribu watu 180 tuone". Mwambie mpande ngazi: makarani 10, 40, 80, 120, 160, 200. Wa bandia, bila shaka. Kuna programu ya bure inaitwa JMeter inayojifanya makarani, na inakubali kuambiwa "ngoja sekunde 20 kabla ya kubofya tena". Na kabla ya kila ngazi, andikeni kwenye karatasi mnachotabiri. Watu 40, diski itakuwa 24. Watu 80, itakuwa 48. Watu 120, itakuwa 72. Wekeni sahihi, wewe na yeye, ndipo mbonyeze kitufe.

Mbona nasisitiza karatasi? Kwa sababu bila utabiri kila matokeo yanaonekana mazuri. Ukiona diski 60 kwa watu 80, peke yake utasema "haya, bado kuna 40". Ukiwa umeandika 48, utauliza hizo 12 zimetoka wapi, na hapo ndipo ukweli ulipojificha. Pengine maombi yanafungiana kufuli kwenye jedwali moja, yanashindwa na kuanza upya. Pengine kila mtu anayeongezeka anawalazimisha wengine kuulizana naye. Neil Gunther, mtafiti wa utendaji wa kompyuta, alitoa kanuni ya jambo hili mwaka 1993: kuna mifumo ambayo ukipita kilele, kila mtu unayemwongeza *anapunguza* kazi inayotoka kwa jumla. Kama jikoni siku ya harusi, wapishi wakizidi wanagongana miko. Kilele hicho hukioni ukiwa na watu 10. Ukipata 30 badala ya 48 pia usishangilie. Namba iliyo nzuri kupita utabiri huwa inanitia hofu kuliko mbaya.

Hofu hiyo nina sababu nayo. Miaka mingi nyuma nilikuwa kwenye ghala moja la hapa Mombasa, jina nalihifadhi. Nilipewa kazi ya kuupima mfumo mpya wa kutafuta makontena. Nikaandika skripti, wafanyakazi bandia 50, wote wanatafuta kontena. Namba ya kontena unaijua: herufi nne, tarakimu saba, ile ya mwisho ni ya kuhakiki. Nikanakili namba moja kutoka kwenye risiti iliyokuwa mezani, ikiishia na 3, nikaipachika ndani ya skripti. Moja hiyohiyo, kwa wote 50, kwa saa nzima. Majibu yakarudi kwa sekunde 0.1. Diski asilimia 2. Nikanunua sambusa za ofisi nzima.

Jumatatu wafanyakazi wa kweli wakaingia, kila mtu na kontena lake. Ilipofika saa tatu asubuhi skrini zimeganda. Nilichokuwa nimekipima kumbe ni jinsi hifadhidata inavyokumbuka kontena *moja*: ilikwenda kwenye diski mara ya kwanza, ikaliweka kwenye kashe, yaani kumbukumbu yake ya karibu, kisha ikanijibu kutoka kichwani maelfu ya mara. Jedwali nililopimia lilikuwa na mistari 200. La kweli lilikuwa na miaka sita ya kazi, na hakuna aliyeweka faharasa (orodha ya kuonyesha kila rekodi ilipo) kwenye safu ya namba ya kontena, kwa hivyo kila mtafutaji alikuwa akisomewa jedwali zima tangu juu mpaka chini. Bosi hakunifokea. Alikwenda stoo, akarudi na daftari la zamani lenye jalada la kijani, akaliweka juu ya kibodi yangu. Mpaka leo ningependelea angenifokea.

Kwa hivyo, ndugu yangu, mfumo ujazwe kwanza data ya umri wa ofisi yako. Miaka yote mliyo nayo kwenye Excel iingizwe, na kama mnatarajia kukua, zidisha mara mbili. Orodha ya makontena ya kutafutwa iwe ndefu na iliyochanganywa. Mchanganyiko wa kazi nao uwe wa kweli: kaa nyuma ya karani mmoja siku nzima, na daftari, uhesabu ametafuta mara ngapi, ameingiza tamko jipya mara ngapi, amechapisha ankara mara ngapi. Ripoti ya mwisho wa mwezi usiisahau, maana mhasibu mmoja akiibonyeza saa nne asubuhi anaweza kula diski kuliko makarani thelathini. Kila ngazi iende angalau nusu saa, na dakika za mwanzo mzitupe, mfumo huwa bado unapasha moto. Laptopu inayorusha makarani bandia isiwe ndiyo hiyo hiyo seva. Nimeyaona hayo, mtu anajipima na kujilaumu kwa wakati mmoja.

Kuhusu malipo: usilipe kabla ya ngazi ya 200. Kwenye mkataba usiandike "mfumo uwe na kasi". Hilo halina maana mbele ya hakimu wala mbele ya fundi. Andika: makarani 180 wakibofya kila sekunde 10, data ya miaka yote, maombi 95 katika kila 100 yajibiwe ndani ya sekunde 2. Akikataa kutia sahihi, umejua. Akikubali, ataibadilisha hiyo diski kwa pesa zake kabla hujamaliza chai.

Na usione haya kumsumbua. Serikali ya Marekani ilifungua tovuti yake ya bima ya afya, HealthCare.gov, tarehe 1 Oktoba 2013. Siku ya kwanza waliofaulu kujiandikisha hadi mwisho walikuwa watu 6. Wao walikuwa na pesa kukushinda.

---

Shikamoo Bi Fundi. Niko attachment kwenye ofisi moja, nimepewa kupima mfumo. Bosi anataka nimletee namba moja tu, wastani wa muda wa jibu. Nimepata sekunde 0.9 naye amefurahi. Lakini dada wa kaunta wanalia kila siku kwamba mfumo unakwama. Nani mwongo?
*Mwanafunzi, Tudor*

Marahaba mwanangu. Hakuna mwongo. Chukua maombi 100: 95 yakijibiwa kwa sekunde 0.3 na 5 kwa sekunde 12, jumlisha uone: 28.5 na 60, ni 88.5. Wastani 0.885. Ndiyo hiyo 0.9 yako. Hakuna hata ombi moja kati ya hayo lililochukua 0.9. Wastani umekuonyesha mtu asiyekuwepo.

Na dada wa kaunta akibofya mara 100 kabla ya adhuhuri, ameshakwama mara tano, sekunde 12 kila mara, na wateja mbele yake. Analia kwa haki.

Yapange majibu yote kutoka la haraka hadi la pole, uchukue la 50, la 95 na la 99. Mpelekee bosi hayo matatu kwenye mstari mmoja, akisema anataka namba moja mpe la 99. Kisha yale matano ya mwisho yafungue moja moja. Mara nyingi utakuta yana kitu kimoja cha kufanana: mteja mmoja mwenye rekodi nyingi mno, au saa ileile ambayo nakala rudufu inapigwa. Huo uchunguzi ndio kazi yako ya attachment. Kuripoti wastani hata kikokotoo kinaweza.

---

Bi Fundi, salaam. Mfumo wetu uko kwenye seva ya kukodi huko Ulaya. Skrini ya oda inachukua sekunde 3 kufunguka. Nimejaribu saa saba usiku nikiwa peke yangu, bado 3. Muuzaji anasema tuongeze RAM, yaani kumbukumbu ya seva. Niongeze?
*Msomaji, Likoni*

Usiongeze. Umepima vizuri kuliko yeye. Mfumo wenye mtu mmoja na wenye watu hamsini ukichukua sekunde zilezile 3, hiyo si foleni, kwa hivyo usitafute karai. Hiyo ni safari.

Kabla ya kebo za TEAMS na SEACOM kutia nanga hapa Mombasa mwaka 2009, tulikuwa tukipitia setilaiti na kila bofyo lilikuwa linapanda mbinguni kwanza. Kebo zimetuokoa, lakini hata ndani ya kebo mwanga hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka hapa mpaka Ulaya na kurudi, kwa kona zote za baharini, si bure. Tuseme safari moja ya kwenda na kurudi ni sekunde 0.15. Skrini ikimwita seva mara 20, kila wito ukingoja uliotangulia urudi, hizo ni sekunde 3 kamili. RAM hailisogezi Ulaya karibu na Likoni.

Fungua ile skrini kwenye kivinjari cha kompyuta, bonyeza F12, nenda sehemu ya mtandao, uifungue upya. Utaona vijistari vinashuka kama ngazi, kila kimoja kinaanza pale cha juu yake kinapoishia. Vihesabu. Vikikaribia 20, mtumie muuzaji picha hiyo na umwambie avikusanye viwe wito mmoja au miwili. Ni kazi ya kuandika upya skrini moja, wala si ya kununua kitu. Kabla hajaanza mwandikie unachotabiri: wito 2 ni sekunde 0.3, pamoja na kazi ya seva yenyewe. Kisha nijulishe mlipata ngapi.